Maneno Yanayozikana

Mengi yanasemwa Dodoma kuhusu mwalimu huyu ambayo mimi sikuyaona wala kuyasikia kutoka kinywani mwake, na kwa sababu hiyo hayamo humu. Wapo wanaosema aliwahi kuishi Uingereza. Wapo wanaosema alifukuzwa chuo cha uchungaji kwa kubishana na mkuu wa chuo juu ya tafsiri ya aya moja. Nilimjua kwa miaka mingi na hakunithibitishia lolote kati ya hayo, nami sikumwuliza, kwa kuwa nimekaa mahakamani muda wa kutosha kujua kwamba mtu akiulizwa habari iliyokwisha kuenea hujibu ile iliyoenea. Alikozaliwa na alikosomea sitapaandika. Nitaandika niliyoyaona katika chumba kimoja cha Area D, ambamo alifundisha msamiati wa Kiingereza kwa watu waliokuwa tayari wanakijua Kiingereza. Na nitaandika jambo moja ambalo sote tulilingojea humo: kama njia yake ya kufundisha, ambayo naishuhudia kuwa ya kweli, ingeweza kumvusha mtu mmoja katika mtihani mmoja. Mtu huyo aliitwa Loyce.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba ya mjane mmoja. Kiliezekwa bati, hakikuwa na dari, na mwezi wa saba upepo uliingiza vumbi jekundu chini ya mlango hata viatu vyetu vyote vikafanana. Waliokuja walikuwa maofisa wa wizara waliotoka kazini Mtumba jua likiwa linashuka, wahadhiri wawili watatu, mfanyakazi mmoja wa Bunge, na mimi. Hakuna aliyekuja kujifunza kusalimia. Wote tulikuwa na shahada, wote tulikuwa tumeandika kwa Kiingereza maisha yetu yote ya kazi, na wote tulikuwa tumefika mahali ambapo mtu anajua maneno mengi na bado hasemi kitu. Mimi nilikuwa nimestaafu uhakimu. Niliandika hukumu kwa lugha hiyo kwa miaka mingi, na siku moja nikiwa nyumbani nikagundua kwamba siwezi kuielezea kwa Kiingereza bustani ya mke wangu bila bustani hiyo kugeuka kuwa kielelezo cha ushahidi. Nilitaka kujua kama Kiingereza changu kinaweza kutoka mahakamani. Ndiyo maana nilikwenda.

Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya watu ambao wangeweza kuwa wanangu.

“Mheshimiwa,” alisema, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kazi niliyoifanya, “ukishikwa na njaa sana, njaa hiyo ikoje?”

“Kali.”

“Na usingizi ukikushika sana?”

“Mzito.”

“Kwa nini usingizi usiwe mkali?”

Nilifikiri. “Haisemwi.”

“Nani alikukataza? Sheria namba ngapi?”

“Mwalimu, taratibu,” alidakia kijana mmoja kutoka nyuma, “mzee akikosea hapa atatuhukumu sote.”

Walicheka. Yeye hakucheka. Alingoja jibu langu, nami nikasema ukweli, kwamba hakuna aliyenikataza, nilikuta hivyo.

“Uliyakuta yanazikana,” alisema, kisha akaniruhusu nikae.

Huo ndio ulikuwa msingi wa mafundisho yake yote, na sijapata kuusikia kwa mtu mwingine. Alishikilia kwamba neno halijulikani kwa maana yake. Hujulikana kwa maneno linaloishi nayo. Anayekaa Dodoma anaelewa kwamba jirani si yule ambaye ukuta wake umegusana na wako. Jirani ni yule utakayeitwa kumchimbia kaburi, naye ataitwa kukuchimbia lako. Hata maneno, alisema, yana watu wake wa kuzikana nao, na mgeni wa lugha huonekana pale anapoyachanganya, hata kama sarufi yake haina doa. Kamusi aliidharau. “Kamusi inakuonyesha sura ya neno,” alisema. “Haikupeleki kwao.”

Kwa hiyo mwanafunzi aliyetaka neno jipya hakupewa. Aliambiwa akalipose. Alisimama, akalitaja neno alilolitamani, na darasa likamhoji jinsi wazee wa upande wa binti wanavyomhoji mshenga. Linakaa na nani? Linakula na nani? Ni lipi ambalo halipatani nalo hata kidogo? Na swali la mwisho, ambalo ndilo lililowaangusha wengi: linazikana na nani? Aliyeshindwa aliketi, na neno halikuandikwa ubaoni mpaka arudi na majibu aliyoyakuta katika maandishi ya wenye lugha, katika magazeti yao, barua zao, hadithi zao. Yule mfanyakazi wa Bunge aliposa neno moja tangu kiangazi hadi mvua za kwanza na akarudishwa kila mara. Alipokubaliwa hatimaye tulimpigia vigelegele, na mjane mwenye nyumba akaja mlangoni kuuliza nani ameoa.

Jambo la pili katika njia yake lilikuwa gumu zaidi. Kabla ya kuongeza, alipunguza. Kila aliyeingia darasani alisomwa maandishi yake ya kikazi, na maneno makubwa yaliyokuwamo yalizuiwa. Hukuruhusiwa kuyatumia tena mpaka uyapose upya. Watu wenye vyeo walijikuta wamebaki na maneno ya mtoto wa darasa la tano, wakakasirika, na wengine hawakurudi. Hakuwafuata.

Nimeona watu wengi wenye msimamo, na wote walikuwa na upande wa pili. Yeye pia. Kamusi alizozidharau alikuwa nazo kabati zima, kila moja imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kama nyama ya kugandishwa. Alifundisha Kiingereza kwa ukali ambao sijauona kwingine, lakini nje ya chumba kile hakukizungumza kamwe. Mwanafunzi aliyemsalimia kwa Kiingereza barabarani alijibiwa “Mbukwa” kwa Kigogo, na kama hakuelewa aliachwa pale pale. Aliyechelewa alifungiwa mlango. Lakini mvua ya kwanza ikianguka Mlali, alikokuwa na shamba, yeye mwenyewe alitoweka bila kuaga. Tulifika tukakuta ubao una neno la juzi, na mjane anatuangalia kwa huruma.

“Mwenzenu kaenda kupanda karanga,” alisema. “Nendeni mkalale.”

Aliporudi hakuomba radhi. Alikuwa na karanga mbichi mfukoni mwa koti, koti lile lile alilolivaa kila siku, la suti ambayo suruali yake hakuna aliyepata kuiona, akatugawia, akaendelea na lile neno la ubaoni kana kwamba alikuwa ametoka kunywa maji.

Kusifu hakusifu. Hili lazima lieleweke kabla sijafika kwa Loyce. Kazi nzuri aliirudisha bila alama. Kazi mbaya aliirudisha ikiwa na swali moja chini yake, na swali hilo lilikuwa refu kuliko kazi.

Kijana aliyenitania siku ya kwanza aliitwa Yona. Alikuwa ofisa katika wizara mojawapo, mcheshi, mwepesi, mwenye kumbukumbu ya ajabu. Siku moja alikuja na barua aliyoiandika kwa niaba ya idara yao, akaisoma kwa sauti akiwa ameridhika nayo. Mtaalamu mmoja wa kigeni waliyefanya naye kazi alikuwa amefiwa na mkewe. Barua ya Yona, nikiitoa katika Kiingereza chake, ilisema kwamba ofisi inakiri kupokea taarifa ya kifo cha mke wake, kwamba suala hilo limezingatiwa ipasavyo, na kwamba anahakikishiwa ushirikiano endelevu katika jambo husika.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu alinyoosha mkono, akaichukua barua, akaisoma mwenyewe kimya kutoka juu hadi chini.

“Hamna kosa hapa,” alisema. “Mnacheka nini? Tafuteni kosa.”

Hatukulipata. Kila neno lilikuwa na mwenzake wa kweli.

“Haya yote yanazikana,” alisema. “Ila yanazikana ofisini. Wewe umeyapeleka kwenye kilio cha watu ambao hawayajui.”

“Sasa mwalimu, mtu kafiwa, niseme nini?” Yona alijitetea. “‘Pole’ haina Kiingereza.”

“Mkewe ulimjua?”

“Nilimjua. Alikuwa anatuletea keki ofisini. Ngumu kama tofali.”

“Mlikula?”

“Tulikula, mwalimu. Tulichovya kwenye chai.”

“Andika hivyo.”

Yona aliandika hivyo, mistari minne ya maneno mepesi, na akaituma. Alikuja kudai baadaye kwamba yule mgeni alilia aliposoma. Mimi sikuwapo. Lakini niliiona ile mistari minne, na nasema kwamba katika Kiingereza chote nilichokisoma nikiwa na wadhifa, sikukutana na rambirambi iliyoizidi.

Ninaandika haya ili ijulikane kwamba njia ile ilifanya kazi. Niliona watu wakiingia wakiwa na lugha ya mafaili na kutoka wakiwa na lugha ya watu. Mimi mwenyewe niliandika ukurasa mmoja juu ya bustani ya mke wangu, na humo mchicha ulikuwa mchicha.

Loyce alikuwa mtaalamu wa maji ya ardhini, mwajiriwa wa serikali, na alikuja darasani akiwa na sababu ambayo hakumficha mtu. Kijiji chao kinakunywa maji ya chumvi. Visima vinachimbwa, maji yanapatikana, na yanakuwa machungu. Ng'ombe wanayanywa kwa shida na watoto meno yao yanageuka rangi. Alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja cha nje kusomea jinsi maji yanavyookota chumvi chini ya mwamba na mahali pa kuchimba ili kuikwepa. Ufadhili alikuwa amepewa kwa sharti la mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na ufadhili huo ulikuwa na kikomo cha umri. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Alama za kusoma, kusikiliza na kuzungumza alikwisha kuzipata. Ya kuandika ilikuwa imepungua kidogo.

Mwalimu alimfanyia alivyotufanyia sote. Alimzuilia maneno makubwa. Loyce hakulalamika, alikuwa mwanamke wa kuchimba, anayejua kwamba lazima utoe udongo kwanza. Aliposa neno moja moja kwa subira ambayo sisi wengine hatukuwa nayo, na akifika na jibu la swali la mwisho alikuwa na mifano ambayo hata mwalimu hakuwa ameiona. Walipendana kwa namna ambayo mwalimu na mwanafunzi hupendana, yaani walibishana bila kuchoka.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani aliandika ukurasa juu ya siku ya kuchimba kisima. Aliandika jinsi mtambo unavyolia tangu asubuhi, jinsi wanaume wanavyoacha kuzungumza matope yanapoanza kupanda, na jinsi mzee wa kijiji anavyosogea, anachovya kidole, anakipeleka ulimini, na watu wote wanatazama uso wake badala ya kuyatazama maji. Hakukuwa na neno hata moja ndani yake ambalo mtoto wa shule asingelijua, na hakukuwa na neno lililokaa pasipo jamaa zake. Mwalimu aliusoma akiwa amesimama. Kisha akauweka mezani, akatoka nje, akasimama uani mwa mjane akiwa ametupa mgongo. Kwa mtu asiyesifu, hatukuhitaji kuambiwa zaidi.

Loyce alifanya mtihani, na alama ya kuandika ikapungua tena, kwa kiasi kile kile.

Nilijiwekea sharti la kutosema nisichokijua. Karatasi ya matokeo ilitoa alama, haikutoa sababu. Kwa hiyo sisemi kwamba aliangushwa kwa kuandika maneno mepesi. Nasema kwamba Yona, ambaye katikati ya mwaka alituacha akahamia kituo kimoja cha katikati ya mji, alifanya mtihani uleule siku ileile akapita. Kituo kile kinafundisha kwa kuitikia. Mwalimu anataja neno kubwa, ukumbi mzima unalirudia, kisha wanapewa sentensi zilizo tayari, ambazo mtu anaweza kuzipachika katika mada yoyote, iwe elimu, iwe usafiri, iwe mazingira. Hilo Yona aliniambia mwenyewe, na baadaye nililiona.

Alikuja kutuaga akiwa na kreti ya soda. Sidhani alikuja kwa ubaya. Alimpa kila mtu chupa, akamwendea mwalimu na kumwinamia kidogo kwa heshima.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba.”

“Maneno yangu hayana ukoo, mwalimu,” alisema akicheka, “lakini yana viza.”

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwalimu alimtazama, akasema “Hongera”, na ninashuhudia kwamba aliisema kwa dhati. Soda yake aliiacha mezani bila kuifungua.

Ilibaki nafasi moja kabla ya Loyce kuvuka kikomo. Jioni ile wenzetu walipoondoka alibaki kitini, nami nilikuwa nimebaki kwa kuwa nilikuwa nikingoja bajaji yangu. Aliongea taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno yake njiani kutoka Mtumba.

“Mwalimu, naomba ruhusa.”

“Ya nini?”

“Nikakariri. Wiki tatu tu. Nikariri kama wao, nimpe mtahini anachotaka, kisha nikirudi nisahau yote.”

“Huhitaji ruhusa yangu. Nenda.”

“Nahitaji. Nikienda bila ruhusa yako sitaweza kuyasema. Yatanikwama.”

Nilimwona mwalimu akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia ubao.

“Unajua utakuwa unafanya nini?” alisema. “Utakuwa unamwandikia mtu barua ya msiba kwa maneno ya ofisini, safari hii kwa makusudi. Akikupa cheti kwa uongo huo, utaishi na nini?”

“Nitaishi na maji, mwalimu. Kwetu tunakunywa chumvi.”

“Yule mzee wako wa kidole,” mwalimu alisema, “angeonja matope akasema ni matamu ili mtambo uendelee kulipwa?”

“Hapana.”

“Basi.”

Loyce aligeuka akanitazama. “Baba, na wewe unasemaje?”

Nilisema kwamba mwalimu ana haki. Nilidhani ana haki. Bado nadhani ana haki, na hilo halimsaidii mtu yeyote.

Alifanya mtihani wa mwisho kwa njia tuliyofundishwa. Aliandika alichokiona, kwa maneno yaliyozikana. Alama ilikuwa ile ile. Aliileta darasani kwenye simu, akaipitisha mkono kwa mkono, kila mtu akaisoma na kumpitishia wa pili, na ilipofika kwa mwalimu aliishika muda mrefu hadi kioo kikazima. Aliirudisha simu, akaandika neno ubaoni, akauliza nani anataka kuliposa. Hakuna aliyenyanyua mkono. Hatimaye Loyce mwenyewe alinyanyua, nafikiri kwa kumhurumia, akahojiwa, akajibu, na neno likakubaliwa.

Miezi iliyofuata darasa lilipungua bila kelele. Wale wa Mtumba walipata sababu za kikazi. Mfanyakazi wa Bunge alihamishwa. Simu zilikuwa zimekwisha kuanza kuwaandikia watu barua zao, na nilimsikia mhadhiri mmoja akimweleza mwalimu, kwa adabu kabisa, kwamba mashine ile inajua maneno yote pamoja na jamaa zake. Mwalimu alimwuliza kama mashine iliwahi kufiwa. Mhadhiri alikubali kwamba haikuwahi, na wiki iliyofuata hakuja. Tulibaki mimi na Loyce, ambaye sasa hakuwa akijiandaa kwa lolote. Alikuja tu. Mvua zilipoanza mwalimu alikwenda Mlali kama kawaida yake, na safari hii hakurudi Area D. Mjane alikipangisha chumba kwa fundi wa cherehani.

Mwaka uliofuata niliambiwa na mtu sokoni kwamba mwalimu anafundisha katika kile kituo cha katikati ya mji. Nilimwambia asirudie maneno hayo mbele yangu. Niliambiwa na mtu wa pili kanisani, nikamwuliza kama alimwona kwa macho yake, akasema aliambiwa na shemeji yake. Ushahidi wa namna hiyo nilikuwa nikiutupa kila siku ya kazi. Lakini nilishindwa kulala vizuri kwa sababu yake, na asubuhi moja nilivaa koti nikaenda kuukanusha mimi mwenyewe.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilisimama mlangoni. Viti vya plastiki vilijaa hadi ukutani, vijana kwa watu wazima, na mbele, akiwa katika suti kamili, koti na suruali ya rangi moja, alikuwa mwalimu.

“Plethora!” alisema. Ni neno la Kiingereza la kusema kwamba kitu kimezidi kiasi, na sijapata kulikuta katika barua ya mtu anayempenda mwenzake.

“Plethora!” ukumbi ukaitikia.

“Tena.”

“Plethora!”

“Utaliweka wapi?”

“Popote, mwalimu!”

Alikuwa hodari. Ni lazima niseme hivyo kwa kuwa niliona. Sauti ilikuwa na mapigo, wanafunzi walikuwa macho, hakuna aliyeshika simu. Aliniona mlangoni na hakusita. Alimaliza kipindi, akawaruhusu, akaja barazani ambako nilikuwa nimepewa kiti na mlinzi.

“Mbukwa, Mheshimiwa.”

“Mbukwa.”

“Umekuja kuhakikisha.”

“Niliambiwa, sikuamini.”

“Sasa umeona.” Alikaa kwenye ngazi, bila kujali ile suruali. “Wanapita. Si wote, lakini wanapita. Kule kwetu hakupita hata mmoja, wajua hilo? Nilikaa nikatafuta hata mmoja. Niliwafundisha kweli wakabaki. Hawa nawafundisha hivi, wanapanda ndege.”

“Kwa hiyo ulikosea?”

“Sikukosea.” Alilisema bila hasira. “Ndilo baya lenyewe. Ningekuwa nimekosea ningetubu, nikaanza upya.”

Nilimwuliza habari za Loyce. Nilikuwa sijamwona tangu chumba kile kifungwe.

“Alikuja hapa,” alisema. “Nilimwita mimi. Kulikuwa na kozi fupi, ya miezi michache tu, haina kikomo cha umri, ila mtihani ni uleule. Si elimu aliyoitaka, lakini ni juu ya maji. Nikampigia, nikamwambia, mwanangu, ile ruhusa uliyoomba nimekupa. Njoo ukae mbele.”

“Akaja.”

“Akaja. Akakaa mbele. Nikataja neno, wakaitikia, yeye hakuitikia. Nikataja tena. Akanyoosha mkono. Nikajua, Mheshimiwa. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Akauliza, ‘Mwalimu, mtu anayesema hivi anakuwa amepatwa na nini?’”

Chini yetu watu walikuwa wakipakia mabati kwenye lori, na ilibidi angoje kelele zipungue.

“Ukumbi mzima ulicheka,” alisema. “Mtu mmoja nyuma akamwambia, ‘Dada, amepatwa na mtihani!’ Wakazidi.”

“Nawe?”

“Nilicheka.” Alitazama mikono yake. “Nilicheka nao. Sikucheka kidogo.”

“Yeye alifanyaje?”

“Alikaa mpaka mwisho. Unamjua, hana fujo. Mwisho alikuja mezani, akasema ‘Asante, mwalimu’, akaondoka. Simu yake sasa haipokelewi. Nasikia ameomba kurudishwa wilayani, kwenye mitambo.”

“Nani kakwambia?”

“Watu.”

Sikuliandika hilo kama jambo la hakika, na hata hapa naliacha lilivyosemwa.

Kundi lililofuata lilikuwa limeanza kupanda ngazi, na ilibidi asimame ili lipite. Vijana walimwamkia mmoja mmoja, naye akawaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, akijipangusa vumbi la ngazi kwenye suruali. Nilimwuliza, wa mwisho alipokuwa akiingia, kama swali la Loyce alilijibu.

“Muda ulikuwa umekwisha,” alisema, akaingia.

Nilibaki kwenye kile kiti. Mlinzi aliniuliza kama mzee angependa maji, nikasema hapana. Ndani viti vilikwaruzwa, watu wakakohoa, kukatulia. Kisha sauti yake ikataja neno, na ukumbi mzima ukalirudia kwa pamoja. Nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Lilitamkwa sawasawa kabisa.